Sungura wa Mama Mdogo

Kitambaa kipya cha pazia kina harufu yake. Si harufu ya duka wala ya pamba. Ni harufu ya wanga, kama maji ya mchele yaliyopoa sufuriani. Juzi mjukuu wangu aliniletea cha kwake, chenye maua makubwa mekundu, akakitandaza kitandani kwangu nimsaidie kupima. Niliinama kushika upindo, harufu ikanipanda puani, mikono ikasimama.

"Bibi, vipi?"

"Hakuna kitu," nikamjibu.

Na kweli hakukuwa na kitu. Nyinyi wenzangu mliokulia kwenye mwanga wa taa ya chemli huenda mtanielewa. Kuna kipande cha utoto wangu ninachokikumbuka chote, rangi zake na sauti zake, mpaka nyufa za ukuta, lakini mtu akiniuliza nilikuwa najisikiaje, sina la kumwambia. Watu hudhani mtoto akinyamaza amesahau, au ana huzuni. Mimi nilikuwa sijasahau, na huzuni sikuwa nayo. Nilikuwa nangoja.

Tulikaa Njoro, mjini Moshi, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza la duka la Mhindi mchana, na nyumbani jioni. Babu yangu mzaa baba alifika na misafara ya mizigo kutoka Unyamwezi, akachoka, akabaki, na sisi tukawa watu wa mji, Kiswahili chetu na msikiti wetu. Mama alikuwa Mchagga wa Uru, binti wa wakulima wa kahawa waliosali misheni. Alikuwa akishuka kuuza ndizi, akazoeana na fundi wa barazani, akasilimu, akaolewa. Kwao hawakufurahi, lakini hawakumfukuza. Mimi mwenyewe nilizaliwa huko juu kwa Bibi mzaa mama, na mimba ya pili ilipokomaa Mama alipanda tena Uru, akaniacha na Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa akiishi nasi.

"Usimsumbue shangazi yako," aliniambia mlangoni, kikapu mkononi. "Nitarudi na mwenzako."

Masika yalianza wiki ile. Mvua ilikata barabara za mlimani, na siku moja Baba akaitwa, akapanda na wanaume wawili wa msikitini. Aliporudi alikuwa na matope mpaka magotini. Aliketi kwenye kigoda chake cha kushonea akatazama sindano, na hakuna aliyemwambia avue viatu. Nyumba ikajaa wanawake. Walilia sana, nami nikadhani wanalia kwa kuwa barabara imekatika na hawawezi kwenda kumwona mtoto. Shangazi alinichukua nyuma ya nyumba, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili iliyonuka vitunguu.

"Mama yako amepumzika," alisema.

Sasa, mtu aliyezaliwa Uchaggani anajua kupumzika kwa mzazi ni nini. Mwanamke akijifungua hafanyi kazi. Hukaa ndani miezi mitatu, analetewa mtori wa ndizi, nyama yenye mafuta na maziwa, hachoti maji wala hakati majani ya ng'ombe, na anayemsumbua hugombezwa na ukoo mzima. Siku ya kutoka hupambwa, akaenda sokoni amenenepa na kung'aa, na watu humpongeza njiani. Niliwahi kumwona jirani yake Bibi akitoka hivyo, amevaa shanga, anatembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. Kwa hiyo niliposikia Mama amepumzika, nilimwona amekaa karibu na moto wa Bibi, mtoto kifuani, bakuli la mtori mkononi. Nikasema, "Sawa, Shangazi." Sikulia.

Wanawake waliona silii wakanisifu. "Mtoto huyu ana moyo," walisema. "Hasumbui hata kidogo." Nami nilikazana kutosumbua, kwa kuwa ndivyo nilivyoagizwa.

Miezi mitatu ikapita. Sikujua kuhesabu miezi, lakini mvua ilikwisha, baridi ikaja na kuondoka, na Mama hajashuka. Nilijua Bibi yangu ni mtu wa kuzidisha mambo. Ukimwomba ndizi moja hukupa mkungu. Nikajua amemzidishia Mama mapumziko.

Wakati kahawa zilipokuwa zikiteremshwa mjini kukobolewa, mkokoteni ulisimama mlangoni kwetu. Juu yake kulikuwa na sanduku la bati, kasha la mbao lililojazwa majani makavu ya migomba, na kando yake alitembea mwanamke mrefu, mweusi, aliyevaa kanga mbili zisizofanana. Jina lake Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Alikuwa yaya kwa Wazungu wa shamba moja la kahawa, na hao walipokwenda kwao, alimletea Baba mapazia ayakate upya. Mapazia yale yaliwakutanisha. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile Baba alisema tu, akifungua kamba za sanduku bila kunitazama, "Mwamkie. Utamwita Mama Mdogo."

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Jina hilo ndilo lililonipoteza zaidi. Kule Uru, kila mtoto niliyemjua mwenye mama mdogo alikuwa na mama yake pia. Mama mdogo ni yule anayekuja kupika na kuangalia watoto wakati mama yuko kwenye uzazi. Nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Alilifungua lile kasha kabla hata ya kunywa maji. Alitia mkono ndani ya majani ya migomba akatoa kitu, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akakiweka sakafuni. Alikuwa sungura mweupe wa kauri, ndani ya masikio yake pamepakwa rangi ya waridi. Akatoa mwingine wa kahawia, mwembamba, amesimama wima, mikono kifuani, kama mtu anayesikiliza kesi. Akatoa wawili wadogo wenye matundu utosini, mmoja wa chumvi na mmoja wa pilipili. Akatoa wa shaba, mzito, wa kuzuia mlango usijifunge. Akatoa wa kioo cha kijani. Nilipomwinua kwenye mwanga wa mlango, barabara nzima ikawa rangi ya jani. Wa mwisho alikuwa bakuli, na kifuniko chake ndicho sungura, amelala, macho wazi.

"Hawa ni wa nini?" nikauliza.

"Wa kutazama."

"Hawaliwi?"

"Hawaliwi, hawafugwi."

"Kwa nini sungura?"

Alifikiri kwanza. Mama Mdogo alikuwa mtu wa kumjibu mtoto kama anavyomjibu mtu mzima. "Yule mama wa Kizungu alikuwa nao kabati zima," alisema. "Niliwapangusa vumbi kila asubuhi, yeye hata hakujua wako wangapi. Nikajiambia, siku moja nitapangusa wa kwangu."

Kisha akafungua sanduku la bati, na hapo ndipo harufu ile ya wanga ilipotoka ikajaa chumba. Vitambaa vya maua. Mapazia ya waridi, foronya za maua ya urujuani, vitambaa vya meza vyenye mashada pembeni, na vipande vingine visivyoshonwa bado, vimekunjwa jinsi vilivyotoka dukani. Nyumba yetu ilikuwa na dirisha moja kubwa na mawili madogo, na kufikia jioni yote yalikuwa na maua. Meza ikavikwa. Viti vikavikwa. Mpaka cherehani ya Baba ikapata nguo yake. Nilikaa mkekani nikitazama, na kichwani nikaona jibu. Nyumba inapambwa kwa ajili ya siku ya Mama kutoka.

Mama Mdogo hakuacha kukusanya. Wazungu walikuwa wakihama mara kwa mara, na Mgiriki yeyote akiuza shamba lake, vyombo vyake hutolewa nje vikanadiwa. Aliwahi kunichukua mnadani mara moja. Tulikuta vitanda vimepangwa kwenye nyasi, na masufuria, na saa ya ukutani iliyolazwa chali ikiendelea kugonga. Yule mama mwenye nyumba alikaa kwenye kiti kando, ameshika mkoba mapajani. Kumbe hata kile kiti kinauzwa. Mnunuzi wake alipokuja, yule mama aliinuka akampisha, akabaki amesimama kwenye nyasi. Watu walinunua majembe na magodoro. Mama Mdogo alizunguka taratibu akitafuta vitu viwili tu, na wanawake wa mjini walimcheka. Tulirudi na foronya moja na sungura mdogo aliyevunjika ncha ya sikio.

"Amevunjika," nilimwambia njiani.

"Naona," akasema. "Ungekuwa wewe ndiye, nikuache?"

Aliyechukia ni Shangazi. Alikuwa mcha Mungu, na rafu ile iliyojaa sungura ilikuwa mbele ya mkeka wake wa kuswalia. Siku moja tukila alishindwa kuvumilia.

"Mdogo wangu," alimwambia Baba, "nyumba yenye masanamu malaika hawaingii. Hilo ulilijua tangu ukisoma Kurani chuoni."

"Ni vyombo tu, dada."

"Vyombo vina macho?"

Baba aliendelea kula. Tangu masika alikuwa amekuwa hivyo. Aliongea na cherehani. Sisi alitujibu tu. Jina la Mama halikutajwa nyumbani, si kwa ubaya wala kwa uzuri, nami nikadhani ni kama vile watu wasivyomtaja mtoto kabla hajazaliwa, wasije wakamletea husuda.

Siku chache baadaye jirani yetu mmoja alinikuta nimekaa kizingitini, akanipa andazi. "Usihuzunike, mwanangu," akaniambia. "Mama yako yuko na malaika."

Sikuwa na huzuni. Nilichukua andazi nikala. Lakini nilipofika katikati niliacha kutafuna, maana mambo mawili yalikuwa yamekutana. Mama yuko na malaika. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu. Basi ndiyo sababu. Si Bibi aliyezidisha mapumziko. Mama amekwisha kupumzika zamani, ameletwa, labda zaidi ya mara moja, na kila mara wanafika mlangoni, wanawaona sungura, wanarudi naye.

Sikumwambia mtu. Nilingoja tu nafasi, na ilipatikana siku Mama Mdogo alipokwenda mnadani peke yake. Baba alikuwa barazani dukani, na Shangazi amelala baada ya swala ya adhuhuri. Nyuma ya nyumba ulipita mfereji wa maji, Wachagga huuita mfongo, unaoteremka kutoka mashamba ya juu. Ulikuwa mkavu tangu kiangazi kianze. Nilichukua kitambaa cha meza cha waridi nikakitandika ndani yake, wasiumie. Kisha nikawatoa mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama nilivyomwona Mama Mdogo akifanya. Yule wa shaba nilimburuta. Nikawalaza wote ubavu kwa ubavu, nikawafunika foronya ili jua lisiwachome. Sikuwachukia. Yule wa kioo nilimpenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika.

Nikafagia kizingiti. Nikakaa hapo, uso kuelekea mlimani.

Mlima ulikuwa umejifunika wingu. Nilikaa muda mrefu, jua likanihamia magotini. Kisha nikasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba, kama mtu anayeburuta majani makavu. Niliitambua. Ni maji. Wenye zamu huko juu wakifungua mfongo, maji hushuka bila kumwambia mtu, na huanza hivyo, yakisukuma majani na vumbi mbele yake. Nilijua, na bado sikuinuka. Niliogopa nikitoka mlangoni, hata kidogo, Mama angefika wakati huohuo akanikosa. Nikasikia maji yakipita. Nikasikia kitu kikigonga jiwe, halafu kingine. Niliendelea kutazama barabara.

Mama Mdogo alirudi alasiri, kikapu kichwani. Alinipita mlangoni, akaingia, akasimama. Nilisikia kikapu kikishushwa.

"Wako wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Mferejini."

Hakuvua hata viatu. Nilimwona akiingia kwenye maji na kanga zake, akiinama, akipapasa, akishuka na mfereji mpaka nyuma ya nyumba ya tatu. Aliporudi alikuwa na kitambaa cha meza kilichogeuka rangi ya udongo, na ndani yake yule wa shaba mzima, nusu ya yule wa kioo, kichwa cha yule mweupe, na masikio. Masikio yalikuwa mengi. Akayapanga sakafuni, akakaa mbele yake. Hakupiga kelele.

Shangazi alitoka chumbani akijifunga kanga. Alitazama rafu tupu, akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akauona uso wa mwenzake, akasema, "Pole, wifi."

Mama Mdogo alinigeukia. "Nani amekutuma?" Alipouliza alimtupia Shangazi jicho.

"Hakuna."

"Basi kwa nini, mwanangu?"

"Ili Mama aingie."

Nikaona wanahitaji kuelezwa. "Mama yuko na malaika," nikasema, "na malaika hawaingii penye masanamu. Nimewatoa ili wamlete."

Shangazi alijishika mdomo.

"Nani alikwambia mama yako atarudi?" Mama Mdogo aliuliza, polepole sana.

"Yeye mwenyewe. Alisema atarudi na mwenzangu."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna aliyeniambia harudi."

Mama Mdogo alimtazama wifi yake. "Mtoto huyu hajaambiwa."

"Tulimwambia amepumzika," Shangazi alisema, sauti imekatika.

"Ndiyo. Na yeye anamngoja amalize."

Akaniita nikaribie. Alikuwa bado ameloa, matope yakimchuruzika miguuni kwenye sakafu ya Shangazi. Alinishika mikono yote miwili. "Nisikilize. Mama yako amekufa. Mtoto aliyekuwa tumboni naye amekufa. Walikufa masika yale, wakazikwa kwa bibi yako. Hapumziki, hayuko njiani. Hatarudi."

"Zuhura!" Shangazi alilia. "Mtoto haambiwi hivyo!"

"Huambiwaje, wifi? Mmemwambia vingine, amekaa mlangoni mwaka mzima."

Nilisema, "Haya." Kisha nikauliza kama naweza kwenda kunawa miguu.

Hapo ndipo wajukuu wangu, nikiwasimulia, huniuliza nililia kwa muda gani. Sikulia. Mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi, unaweza kuugusa, kuufinya, ukauona ni wako, lakini habari haifiki. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikwenda chuoni nikasoma. Nilikula. Usiku nililala. Shangazi alinipikia uji wa maziwa akanitazama ninavyokunywa, machozi yakimtoka, nami nikamwonea huruma kama unavyomwonea huruma mtu mgeni barabarani. Baba aliambiwa sungura wamesombwa na maji. Alisema, "Ah," akaendelea kushona.

Asubuhi moja baada ya hapo, Baba alipokwishatoka, Mama Mdogo alinivika gauni safi, akachukua kipande cha kitambaa chake cha urujuani ambacho hakuwa amekikata, akakifunga kwenye kanga. "Twende juu," alisema. Shangazi alitufungia mikate ya kumimina. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Tulipanda Uru kwa miguu. Hakuwa amewahi kufika huko, mimi ndiye niliyemwelekeza. Tulipishana na wanawake wanaoshuka na mikungu ya ndizi, na kadiri tulivyopanda hewa ilipoa, migomba ikafunga juu yetu, kahawa chini yake, na maji ya mifongo yakisikika kila upande. Bibi alikuwa amesimama kwenye uzio wa mimea ya masale. Aliniona mimi kwanza. Kisha akamwona aliye nyuma yangu, uso ukafunga.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Mdogo.

Bibi alichelewa kuitikia. "Marahaba. Umekuja kunionyesha nini?"

"Nimemleta mtoto amwone mama yake."

Bibi alitazama chini. Akajifuta mikono kwenye nguo, ingawa haikuwa na kitu, akageuka, tukamfuata.

Ilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Kijituta kilichoanza kudidimia, masale yamepandwa pembeni, nyasi zimeng'olewa vizuri. Bibi alipiga magoti akazungumza na binti yake kwa Kichagga, akimwita mwanangu, akimwambia nani amefika. Maneno hayo niliyaelewa. Mama Mdogo, ambaye hakuelewa hata neno moja na hakuwahi kumwona Mama kwa macho, alilia mpaka akakaa chini. Mimi nilisimama nikitazama mchwa waliokuwa wakipanda jani kavu.

"Amelala hapa?" nikauliza.

"Hapa," Bibi alisema.

"Na mtoto?"

"Kifuani kwake. Alikuwa mvulana."

Baadaye tulikaa jikoni, ng'ombe wakitafuna nyuma ya kizuizi, moshi ukitoka kupitia nyasi za paa. Mama Mdogo alifungua kanga akamkabidhi Bibi kile kitambaa. Bibi alikishika, akakigeuza, akakipitisha kidole kwenye maua.

"Wewe huna mtoto?" akauliza.

"Sina, mama."

"Basi nami nilikuwa na mmoja. Niachie huyu."

"Si wangu hata nikuachie," alisema Mama Mdogo. "Wala si wangu hata nimchukue. Tumuulize."

Walinigeukia. Nakumbuka nyuso zao mbili kwenye mwanga wa moto, na nakumbuka nilitambua kwamba kuna kitu kikubwa kinasubiriwa kutoka kwangu, na kwamba sikuwa nacho. "Nimechoka," nikasema. "Nataka kwenda nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwenye cherehani."

Bibi alicheka, mara moja tu, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Akainuka akatupa kibuyu cha maziwa na ndizi nyingi kuliko tulivyoweza kubeba. Alitusindikiza mpaka kwenye uzio, na hapo alimwambia Mama Mdogo, "Umlete tena mavuno." Akafanya hivyo, kila mwaka, hadi Bibi alipozikwa.

Tulifika Njoro magharibi imeadhiniwa. Baba alikuwa amewasha taa, anashona. Aliyaona matope miguuni mwetu, matope mekundu ya mlimani.

"Mmetoka wapi?"

"Tumetoka kumwamkia mwenzangu," alisema Mama Mdogo.

Gurudumu la cherehani lilisimama. Baba aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayemtuliza mnyama. Kisha akasema neno moja, akiiambia meza: "Manka."

"Manka ni nani?" nikauliza.

Baba alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu masika yale. Mama nilikuwa nimemjua kwa jina hilo la Mama tu, na majirani walimwita kwa jina lake la Kiislamu. Hilo la kwao, huku mjini, lilikuwa la Baba peke yake.

"Ni mama yako," alisema, sauti ikampasuka. Akaja akakaa nasi mkekani, mtu mzima, machozi yanamdondoka kwenye mikono, akaanza kunisimulia. Alianza na siku alipomwona akishusha mkungu wa ndizi barazani. Alivyokuwa amejifunga kitambaa kichwani. Alichomwambia, na alichojibiwa. Shangazi aliacha vyombo akaja kukaa mlangoni. Baba alisema na kusema, mtu ambaye mwaka mzima hakuwa amesema, na yote alikuwa akiniambia mimi.

Nami nilikuwa nimepanda Uru na kushuka kwa miguu siku moja. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Mama Mdogo. Nilisikia mpaka pale Mama alipocheka kwa kitu fulani ambacho Baba alikisema, nikalala.

Baba hakuyarudia. Siku zilizofuata alikuwa mtu mpole zaidi, aliniita jina langu, alinishonea nguo ya sikukuu, lakini mazungumzo yale yalifunga palepale, na mimi sikujua namna ya kuyafungua. Shangazi alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza, kisha Baba.

Mama Mdogo aliishi sana. Alizeeka nyumbani kwangu, rafu zake zikiwa zimejaa upya, na siku moja nikimkata kucha nilimuuliza. Nilimwambia, wewe ulikuwepo, ulinishika kichwa usiku ule, nieleze Baba alisema nini.

Alinitazama kwa mshangao, kama vile nimemuuliza yaliyomo kwenye barua ya mtu.

"Sikuyasikiliza, mwanangu," alisema. "Yalikuwa yako."